Usukani wa Pikipiki na Afya ya Mikono: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuubadilisha

Utangulizi

Katika wilaya nyingi za Tanzania, huduma ya afya hufika kijijini kwa magurudumu mawili. Chanjo, sampuli za makohozi, dawa za kifua kikuu na mhudumu mwenyewe hupita katika njia ambazo gari hushindwa kuzipita wakati wa masika. Pikipiki inayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni ile iliyoundwa kwa matumizi mawili: barabara ya lami kwa upande mmoja, na njia ya vumbi, mawe na matope kwa upande mwingine. Pikipiki za namna hii zilianza kuenea duniani baada ya kampuni ya Yamaha kutoa DT-1 mwaka 1968. Jamaa zake wa baadaye, kama vile Yamaha DT 125 na AG 100 pamoja na Honda XL 125, wamekuwa wakionekana kwa miaka mingi katika viwanja vya zahanati, ofisi za kilimo na mashirika ya maendeleo barani Afrika.

Pikipiki hizi ni imara, lakini hazikosi kuanguka. Zinapolala upande, ncha ya usukani huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kugusa ardhi. Hivyo usukani ni kipuri ambacho mwenye pikipiki atalazimika kukinunua mapema au baadaye. Aghalabu ununuzi huo huamuliwa kwa bei, rangi na maoni ya muuza duka. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi huo ni wa kiafya pia: usukani ndio mahali ambapo uzito wa kiwiliwili, mtetemo wa injini na mapigo ya barabara hukutana na mishipa ya fahamu ya mkono. Yameandikwa kwa ajili ya mhudumu wa afya anayeendesha pikipiki, kwa mgonjwa ambaye riziki yake iko juu ya pikipiki, na kwa tabibu anayewapokea wote wawili.

Mkono unavyoumizwa na usukani

Mkono wa mwendeshaji hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Hushika ili pikipiki isipotee njia, huvuta klachi na breki, na hupokea mtetemo. Kila kazi ina njia yake ya kuudhuru mwili pale usukani usipolingana na mtu.

Njia ya kwanza ni mkunjo wa kifundo cha mkono. Mbele ya kifundo hicho kuna mfereji mwembamba uliozungukwa na mifupa kwa nyuma na utepe mgumu kwa mbele. Ndani yake hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva ya mediani. Kifundo kikiwa kimenyooka, nafasi katika mfereji hutosha. Kikikunjwa sana kwenda juu au chini kwa muda mrefu, shinikizo ndani ya mfereji hupanda na neva hukosa damu ya kutosha. Matokeo yake ni ganzi na maumivu ya kuchoma katika dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Dalili huzidi usiku, na wagonjwa wengi husema huamka na kukung'uta mkono ili uzinduke.

Njia ya pili ni mgandamizo wa moja kwa moja. Upande wa kidole cha mwisho, chini ya kiganja, neva ya alna hupita karibu sana na ngozi. Usukani ulio chini mno humlazimisha mwendeshaji kuegemea viganja vyake, na uzito wa kifua hushukia mahali hapo. Ganzi hutokea katika kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Neva hiyohiyo huweza kubanwa nyuma ya kiwiko iwapo kiwiko kimekunjwa sana kwa saa nyingi, jambo linalotokea pale usukani unapokuwa karibu mno na mwili.

Njia ya tatu ni mtetemo wenyewe. Elimu ya jambo hili ilianza muda mrefu kabla ya bodaboda. Mwaka 1918 daktari Mmarekani Alice Hamilton alieleza hali ya wachonga mawe ya chokaa wa Bedford, katika jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za upepo. Vidole vyao vilikufa ganzi na kugeuka vyeupe wakati wa baridi. Leo inafahamika kwamba mtetemo wa muda mrefu huathiri mishipa midogo ya damu, neva na viungo vya mkono. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu mtetemo kazini inamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mkono unapofikia mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, na inaweka kikomo kuwa mita 5 kwa sekunde mraba. Jambo la kukumbuka ni kwamba madhara hayategemei ukali wa mtetemo pekee. Hutegemea pia muda, baridi, na nguvu ya mshiko: kadiri mtu anavyoubana usukani, ndivyo mtetemo mwingi zaidi unavyopenya mkononi.

Mbali na mkono, usukani usiofaa huchosha shingo, mabega na kiuno. Ukiwa chini sana, mwendeshaji huinama na kuinua kidevu ili aone mbele. Ukiwa juu sana, mabega hukaa yamekazwa na mikono huning'inia bila damu kutembea vizuri.

Chunguza kabla ya kununua

Kosa lililozoeleka ni kuubadilisha usukani wakati tatizo liko kwingine. Mtetemo mkali unaoanza ghafla aghalabu hutokana na bolti za kushikilia injini zilizolegea, mnyororo uliochakaa, gurudumu lisilo na uwiano au tairi lenye upepo usio sahihi. Usukani unaovuta upande mmoja huweza kutokana na fremu au uma wa mbele uliopinda, au beringi za shingo zilizokwisha. Usukani mpya hautaponya lolote kati ya hayo.

Vilevile, usukani uliopo huenda ukahitaji kurekebishwa tu. Bolti nne za vibanio vyake zikilegezwa, usukani huweza kuzungushwa mbele au nyuma, na badiliko la digrii chache hubadilisha kabisa namna kifundo kinavyokaa. Vishikilio vya klachi na breki navyo huzungushwa. Kanuni ni rahisi: mwendeshaji akiwa ameketi kama kawaida na vidole vyake vikiwa juu ya klachi, mgongo wa kiganja na kigasha viwe katika mstari mmoja. Kishikilio kikielekea juu mno, kifundo hukunjwa kila klachi inapovutwa, na kwenye foleni ya mjini au kwenye matope klachi huvutwa mamia ya mara.

Kebo ya klachi iliyokauka nayo ni adui wa kifundo cha mkono. Kuipaka mafuta au kuibadilisha ni gharama ndogo, na mara nyingine maumivu ya kigasha huisha kwa hatua hiyo pekee.

Vipimo vinne vya usukani

Iwapo usukani umepinda, umepata ufa, au umethibitika kutolingana na mwili, mnunuzi anapaswa kujua vipimo vinne.

Cha kwanza ni kipenyo cha katikati, mahali vibanio vinapoushika. Pikipiki nyingi ndogo za matumizi mawili hutumia bomba la milimita 22.2. Nyingi mpya na kubwa hutumia usukani mnene wa milimita 28.6 katikati, unaopungua hadi milimita 22.2 kwenye ncha ili raba na vishikilio vya kawaida viweze kuingia. Viwili hivi havibadilishani bila kubadilisha vibanio. Kujaza nafasi kwa kipande cha bati au raba iliyokatwa ni hatari kubwa, kwa sababu usukani unaozunguka ndani ya vibanio wakati wa kufunga breki humwangusha mwendeshaji pasipo onyo.

Cha pili ni upana. Usukani wa pikipiki za njia mbovu huwa na takribani milimita 800 kutoka ncha hadi ncha. Upana humpa mwendeshaji wenzo mrefu wa kulishinda gurudumu kwenye mchanga na mawe. Lakini mtu mwenye mabega membamba akipewa usukani mpana mno, mikono yake hunyooka hadi viwiko hufungwa, na kila pigo la shimo husafiri moja kwa moja hadi begani. Usukani huweza kukatwa kwa msumeno wa chuma, milimita 5 hadi 10 kila upande kwa awamu. Ni lazima pande zote mbili zikatwe sawa, baada ya kuhakikisha kwamba swichi, vishikilio na raba bado vitapata nafasi. Kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo inashauriwa kwanza kusogeza vishikilio ndani na kuendesha kwa siku kadhaa kabla ya kukata.

Cha tatu ni kimo, yaani umbali kutoka kwenye vibanio hadi kwenye mshiko. Hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa zaidi. Pikipiki ya matumizi mawili huendeshwa kwa kuketi kwenye lami na kwa kusimama juu ya vikanyagio kwenye njia mbovu. Anayesimama hutumia miguu kama springi, na hivyo huokoa uti wa mgongo. Usukani ukiwa chini, mrefu wa kimo hulazimika kuinama akisimama, hivyo huacha kusimama kabisa na kuruhusu kiuno chake kipokee kila shimo. Ukiwa juu mno, mfupi wa kimo huinua mabega kila anapoketi. Kwa wenye urefu mkubwa, vinyanyuzi vinavyowekwa chini ya vibanio huweza kutosha bila kununua usukani mpya. Milimita 20 hadi 30 tayari ni badiliko kubwa.

Cha nne ni mpindo wa kurudi nyuma. Ncha za usukani hazijanyooka kabisa. Huelekea nyuma kwa mwendeshaji. Mpindo mdogo humfanya anyooshe mikono na kupinda kifundo kwa nje. Mpindo mkubwa mno huleta viwiko karibu na mbavu na kuvikunja, na usukani unapogeuzwa hadi mwisho huweza kugusa goti au tangi.

Namna ya kujipima

Hakuna haja ya mashine. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare huku msaidizi akiishikilia wima. Mwendeshaji aketi anapoketi siku zote, avae viatu na jaketi lake la safari, afumbe macho, alegeze mabega, kisha anyooshe mikono mbele kama anayeshika usukani. Msaidizi aangalie mikono imetua wapi kulinganisha na usukani ulivyo. Zoezi lirudiwe akiwa amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo. Picha ya simu ikipigwa kutoka ubavuni husaidia kuona kile ambacho mwendeshaji mwenyewe hawezi kukiona.

Mkao mzuri hutambulika kwa dalili chache. Viwiko vimekunjwa kidogo na kuelekea nje. Kifundo cha mkono kimenyooka. Mabega yako chini. Kidevu hakijainuliwa. Na la muhimu kuliko yote: mwendeshaji huweza kuinua viganja vyote viwili kwa sekunde chache, pikipiki ikiwa imesimama, bila kuanguka mbele. Anayeshindwa jambo hilo anabebwa na mikono yake badala ya makalio, miguu na misuli ya tumbo.

Chukulia mfano wa kufikirika wa muuguzi mwenye urefu wa sentimita 155, aliyekabidhiwa pikipiki iliyotumiwa awali na mwanamume wa sentimita 180 aliyekuwa ameiongezea vinyanyuzi na usukani mpana. Kila wiki huenda kliniki ya mkoba umbali wa kilomita 40 za changarawe. Baada ya miezi kadhaa huanza kufika huku vidole vitatu vya mkono wa kulia vikiwa na ganzi, na hulazimika kusubiri kabla ya kushika sindano, kwa sababu hawezi kuupapasa mshipa wa mtoto kwa uhakika. Fundi humwambia, "Dada, usukani ni mzima, wewe utauzoea." Fundi hakukosea kuhusu chuma: usukani ni mzima. Ila neva haizoei kubanwa, hufa polepole. Kwa muuguzi huyo, kuondoa vinyanyuzi, kuzungusha usukani nyuma kidogo, kupunguza upana na kusogeza klachi kwa bolti yake ya marekebisho ni tiba kabla ya tiba nyingine yoyote. Mabadiliko yote hayo huhitaji spana, msumeno na alasiri moja. Kuchelewa kuyafanya huweza kumgharimu ufundi wa mkono wake, na kuwagharimu watoto wa vijiji vile mchanjaji wao.

Chuma au aluminiamu

Usukani wa chuma ni wa bei nafuu, mzito kidogo na unapatikana kila mji. Ukianguka hupinda, na kupinda kwake huonekana. Usukani wa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine ni mwepesi, na ule mnene usio na fito ya katikati hunyumbulika kidogo, jambo linalopunguza ukali wa mapigo. Kasoro yake ni kwamba aluminiamu huchoka kimyakimya. Ikipinda kisha ikanyooshwa, hujenga nyufa ndogo zisizoonekana, na siku moja hukatika mkononi.

Kanuni ifuatwe bila kuoneana haya na fundi: usukani wa aluminiamu uliopinda hutupwa. Ule wa chuma nao ukiisha kukunjwa kwa kiasi kinachoonekana, kuunyoosha kwa moto au kwa bomba refu humdhoofisha mahali palepale penye mzigo mkubwa kuliko pote. Kuunga usukani kwa kuchomelea hakufai kabisa. Usukani wa bandia hutambulika mara nyingi kwa kuta nyembamba na uzito mdogo usioeleweka kwa chuma. Anayeweza kuangalia unene wa ukuta kwenye ncha kabla ya kulipa afanye hivyo.

Kupunguza mtetemo

Usukani ukiisha kufaa kwa umbo, hatua ndogo huweza kupunguza mtetemo. Vizito vinavyofungwa kwenye ncha hubadilisha namna bomba linavyotetema na huziba tundu la ncha. Raba laini za mshiko husaidia, mradi zisiwe nene kupita kiasi. Mkono mdogo unaoshika raba nene hulazimika kubana zaidi, na faida yote hupotea. Glavu huukinga mkono na baridi, upepo na michubuko. Hata hivyo hakuna kifaa kinacholingana na mapumziko: kushuka kwa dakika chache kila baada ya saa moja hivi, kufungua na kufumba vidole, kunyoosha vifundo na kulegeza mabega.

Waendeshaji wafundishwe pia kushika kwa wepesi. Hofu hubana mkono. Kwenye mchanga, anayekaba usukani huchoka haraka na kuanguka upesi zaidi kuliko anayebana tangi kwa magoti na kuiacha pikipiki icheze kidogo chini yake.

Ufungaji unaokinga ajali

Baada ya kufungwa, usukani mpya unaweza kuleta hatari mpya iwapo nyaya zake hazikupimwa. Usukani wa juu zaidi huhitaji kebo na mpira wa breki mrefu zaidi. Kabla ya safari ya kwanza, injini ikiwa inanguruma taratibu gia ikiwa huru, usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto kisha kulia. Mngurumo usipande; ukipanda, kebo ya eksileta imevutwa. Eksileta ikizungushwa na kuachiwa irudi yenyewe haraka, katika kila pembe. Mpira wa breki usivutwe wala kukunjwa. Vishikilio visiguse tangi. Bolti za vibanio zikazwe kwa usawa na kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji, kisha zikaguliwe tena baada ya siku chache za mwendo.

Hitilafu ndogo ya mwisho ni ncha zilizo wazi. Bomba lisilozibwa ni kisu cha duara. Kifuniko cha ncha, kizito cha ncha au raba nzima isiyotoboka ni kinga ya uhai, kama sehemu inayofuata inavyoonyesha.

Jeraha la ncha ya usukani: neno kwa tabibu

Katika kuanguka, usukani huzunguka na ncha yake huelekea tumboni au kwenye kinena. Eneo la mgongano ni dogo, hivyo nguvu yote hukusanyika mahali pamoja. Ngozi huweza kuonyesha alama ndogo ya duara tu, au isionyeshe kitu, ilhali ndani bandama, ini, utumbo au kongosho vimejeruhiwa. Ukuta wa tumbo wenyewe huweza kupasuka chini ya ngozi nzima na kuacha ngiri.

Watoto wako hatarini zaidi, kwa kuwa misuli na mafuta ya tumbo lao ni haba. Kwao kongosho na utumbo wa mwanzo hubanwa dhidi ya uti wa mgongo. Kutoboka kwa utumbo huweza kutodhihirika katika saa za kwanza. Homa, kutapika na tumbo kuwa gumu huja baadaye, pengine siku ya pili. Kwa hiyo mtoto mwenye alama ya usukani tumboni hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu tu anatembea na kucheka. Achunguzwe kwa kurudiarudia, asipewe chakula mpaka hali ieleweke, apimwe kwa altrasaundi inapopatikana, na apelekwe kwenye hospitali yenye upasuaji iwapo maumivu yanaendelea au mapigo ya moyo yanapanda. Ikumbukwe pia kwamba altrasaundi isiyoonyesha damu haiondoi uwezekano wa utumbo kutoboka.

Ncha ikigonga kinena, ateri kubwa ya mguu huweza kuumia hata pasipo kidonda. Mapigo ya damu katika mguu wa upande ule yapapaswe na kulinganishwa na ya mguu wa pili, na joto la nyayo litazamwe.

Desturi ya kumkalisha mtoto mbele, juu ya tangi, inamweka tumbo na kifua mbele ya usukani kabisa. Hakuna usukani ulio salama kwa abiria wa mahali hapo.

Wakati wa kumwona daktari

Ganzi inayotoweka dakika chache baada ya kushuka ni onyo. Marekebisho ya usukani huweza kuimaliza. Lakini mwendeshaji afike kituo cha afya iwapo ganzi humwamsha usiku, inadumu mchana kutwa, vitu humponyoka mkononi, nyama iliyo chini ya dole gumba inapungua, vidole hugeuka vyeupe kwa baridi, au maumivu hushuka kutoka shingoni hadi mkononi. Dalili hii ya mwisho huweza kuashiria tatizo la pingili za shingo badala ya la mkono.

Tabibu anayempokea aulize kazi ya mgonjwa, aina ya pikipiki na saa za kuendesha kwa siku. Aulize pia kuhusu kisukari, ujauzito, upungufu wa homoni za tezi ya shingo na baridi yabisi, kwa maana hali hizo huchangia kubanwa kwa neva ya mediani hata kwa asiyewahi kupanda pikipiki. Kukunja vifundo kwa dakika moja na kugongagonga juu ya neva ni vipimo visivyohitaji umeme. Katika hatua za awali, gango la usiku linaloweka kifundo kikiwa kimenyooka, pamoja na kuondoa chanzo, huwasaidia wengi. Wengine huhitaji sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, na wachache upasuaji mdogo wa kuukata utepe unaoibana neva. Upasuaji huo hufaa zaidi kabla misuli haijakonda. Dawa za maumivu peke yake, mgonjwa akirudi kwenye usukani uleule, ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Kwa wasimamizi wa vituo

Pikipiki ya kituo hupokezanwa na watu wa maumbo tofauti, lakini usukani wake hubaki kama ulivyotoka dukani au kama alivyouacha aliyetangulia. Inafaa kila makabidhiano ya pikipiki yaambatane na kipimo cha mkao kilichoelezwa hapo juu, na maelezo yake yaingizwe katika daftari la matengenezo pamoja na mafuta na breki. Pale pikipiki moja inapotumiwa na wawili, usukani uwekwe kwa kumfaa anayeendesha masafa marefu zaidi, na klachi na breki zirekebishwe kwa mkono mdogo kati ya mikono yao, kwa sababu mkono mkubwa huweza kufikia kishikilio cha karibu, ilhali mdogo hauwezi kukifikia cha mbali. Fedha za usukani mzima, raba na vizito vya ncha ziwemo katika bajeti ya matengenezo ya kila mwaka, sawa na za tairi na mnyororo.